Sura ya Mtoto wa Kitanda Namba Nne

Mikono ya Sista ilianza kutetemeka mwezi ule ambao wodi ya watoto njiti ilipoteza watoto saba katika wiki moja. Walikuja wataalamu, wakapangusa kuta, masinki na mashine za joto kwa pamba, wakaondoka na vichupa vyao, na mpaka leo hakuna aliyeambiwa wazi vijidudu vile vilipitia wapi. Sista alikuwa na miaka kumi na sita katika wodi ile. Wenzake wakishindwa kupata mshipa, yeye ndiye aliyeitwa. Mshipa wa mtoto wa kilo moja ni mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, lakini yeye aliupata kwa kupapasa tu, tena huku akipiga soga na mtu aliye upande wa pili wa chumba.

Basi siku mbili baada ya yule wa saba, alishika sindano kama kawaida yake, akachoma, akakosa. Akachoma tena, akakosa. Mara ya tatu mkono ulimcheza hivi kwamba muuguzi mwenzake alimshika kiwiko, akaichukua sindano polepole kutoka vidoleni mwake.

"Nenda kanywe maji, Sista."

Akaenda kunywa maji. Nusu ya kikombe ilimwagikia kifuani.

Daktari wa wafanyakazi alimpima kila kinachopimika. Damu safi, sukari sawa, tezi sawa. Akaziweka karatasi kando, akamtazama.

"Ukitoka kazini unafanya nini?"

"Nalala."

"Usingizi ukigoma?"

"Nawahesabu."

"Nani?"

Sista aligeuza uso dirishani. Daktari akavuta kalamu.

"Dawa nitakuandikia," akasema, "lakini dawa itakulaza tu. Hiyo mikono itafutie kazi nyingine. Kazi ambayo ikiharibika hakuna anayekufa. Fuma, panda maua, finyanga udongo, chochote kile, mradi iwe kila siku, hata kidogo."

Aliyeichukua habari ile kwa moyo mmoja ni wifi yake, msusi mwenye maneno mengi na mkono mwepesi, ambaye kesho yake tu alifika na mabunda matatu ya uzi na sindano ya kufumia. Kwa wiki mbili Sista alijikaza kisabuni akafuma kitu kilichokusudiwa kuwa kitambaa cha meza.

"Wifi yangu," msusi akasema alipokuja kukagua, huku ameshika mbavu, "hiki hata paka atakikataa."

Walicheka wote wawili. Lakini tatizo halikuwa ubaya wa kitambaa. Kufuma kulishughulisha vidole na kuacha kichwa kikizurura. Vidole vilihesabu vitanzi, kichwa kikahesabu watoto.

Kuchora kulikuja bila kutafutwa. Alikuwa amepiga simu shule ya bweni anakosoma binti yake, akaambiwa asubiri kidogo, na kidogo ile ikawa ndefu. Mezani palikuwa na kufuli, bahasha kuukuu na kalamu ya wino. Akaanza kulichora lile kufuli mgongoni mwa bahasha, kwa ajili ya kupoteza muda tu. Karani wa shule aliporudi kwenye laini na kusema haloo mara tatu, Sista alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Dakika kumi zilikuwa zimepita, na katika dakika hizo hakuwa amefikiria kitu kingine duniani isipokuwa jinsi chuma cha kufuli kinavyopinda na kivuli kinavyolala chini yake. Kufuli lenyewe lilitoka kama kiatu. Hakujali. Alichojali ni zile dakika kumi.

Siku ya pili alinunua daftari lisilo na mistari na penseli mbili. Mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa na stoo uani aliyoijaza mota mbovu, mabomba ya shaba na milango ya friji zilizokufa zamani. Sista akasukuma vitu pembeni, akapata nafasi ya meza ndogo chini ya dirisha. Akajiwekea sharti: akitoka zamu ya asubuhi, saa tisa na nusu mpaka saa kumi yumo stoo, mlango umerudishwa, simu imebaki ndani. Nusu saa, siyo zaidi. Zamu ikiwa ya jioni, atachora kabla ya kwenda. Apende asipende, atachora.

Siku nyingi hakupenda. Alikaa akilitazama bomba la shaba na bomba likamtazama yeye. Mumewe aliingia siku moja kutafuta bisibisi, akachungulia begani kwake.

"Huyu bata?"

"Kijiko."

"Pole yake. Alipata ajali?"

"Chukua bisibisi yako utoke, baba."

Akatoka akicheka peke yake, lakini toka siku ile kila alipotaka kifaa alibisha hodi, katika stoo yake mwenyewe.

Polepole Sista alijifunza mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Aligundua kwamba kijiko chake kilikuwa kinatoka bata kwa sababu alikuwa anachora kijiko anachokijua, siyo kile kilicho mbele yake. Aligundua kwamba ukichora vizuri ile nafasi tupu iliyo katikati ya vitu, vitu vyenyewe hujitokeza. Kifutio alikitupa, maana kilimfanya asahihishe mstari mmoja nusu saa nzima. Na mikono yake aliichunguza kama anavyomchunguza mgonjwa. Dakika za mwanzo mistari ilitoka na mawimbi. Kufikia dakika ya kumi mawimbi yalipungua. Kufikia ya ishirini, mkono ulikuwa mkono wake. Baada ya miezi minne, asubuhi moja wodini, alipapasa kifundo cha mguu wa mtoto, akachoma, damu ikarudi kwenye mrija mara ya kwanza tu. Mwenzake alimgonga begani kwa bega.

Sharti lake la pili lilikuwa kutochora watu. Vyombo, mabomba, kandambili, vitunguu, hivyo tu. Sharti hilo alilivunja kwa ajili ya mtoto wa kitanda namba nne.

Mama wa mtoto huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba, mpole, aliyezoea kuongea kwa sauti ya kuwabembeleza watoto hata na watu wazima. Binti yake alizaliwa wiki ya ishirini na saba, akaishi siku kumi na tisa. Wauguzi wote walimjua kwa pua. Ilikuwa bapa juu, kisha nchani imebinuka kidogo, na kila mpira wa kulishia ulipobadilishwa aliikunja kwa hasira kama bibi aliyeletewa chai ya baridi. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa mapafu yake yalichoka. Sista ndiye aliyeutoa mpira, akaibandua plasta shavuni kwa maji ya uvuguvugu ili isichubue ngozi, na hapo ndipo alipouona uso ule mzima kwa mara ya kwanza, bila kitu juu yake. Aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamfunga, akamkabidhi kwa mama yake.

Saa tisa na nusu alikuwa stoo. Mbele yake palikuwa na mota ya friji, lakini penseli ilikataa. Ikachora paji la uso, kope, pua. Sista aliuacha mkono uende. Alipomaliza, machozi yalikuwa yamelowanisha kona ya karatasi. Hakuwa amelia tangu wale saba. Alilia mpaka mumewe akabisha hodi, na safari hii hakuwa anatafuta kifaa.

Usiku ule alilala fofofo. Na kwa kuwa alilala, akaendelea. Si kila siku, maana si kila siku walikufa. Lakini kila aliyekufa mikononi mwake alimchora alasiri ile ile, akaandika chini yake tarehe na namba ya kitanda, bila jina. Akifunga daftari, alihisi kama ametua mzigo mahali ambapo utatunzwa.

Wiki tatu baadaye yule mwalimu alirudi hospitalini kuchukua cheti cha kifo. Baada ya kukipata hakwenda zake. Alisimama nje ya mlango wa wodi, mkoba ameukumbatia, mpaka Sista alipotoka.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwalimu. Unaendeleaje?"

"Nina jambo la aibu."

"Sema tu."

"Nimesahau sura yake." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chekechea, ila imepasuka. "Nafumba macho namtafuta, naona plasta. Naona mipira. Yeye simwoni. Mama gani anasahau sura ya mwanawe kabla hata ya mwezi?"

Simu zilikatazwa ndani ya wodi, kwa sababu ya vijidudu, na watoto wengi waliondoka bila kupigwa picha hata moja. Sista aliijua sheria hiyo vizuri, na aliijua nyingine pia, isemayo ya wodini hayatoki wodini. Lakini yule mama alikuwa amesimama pale mbele yake.

"Njoo kesho saa nane," akamwambia.

Kesho yake alimpa karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha. Mwalimu aliifungua, akaitazama, akaweka kidole juu ya ile pua bila kuigusa.

"Pua yake," akasema. "Hii ni pua yake kabisa."

Aliondoka akitembea taratibu, bahasha ameibeba kwa mikono miwili. Sista alirudi ndani moyo umemjaa. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiwakabidhi akina mama vifurushi na karatasi za serikali. Hakuwahi kumpa mama yeyote kitu kama kile.

Siri haikukaa. Wodi ile ilikuwa na chumba ambamo akina mama hukaa kukamua maziwa, na humo habari husafiri kuliko homa. Wa kwanza alikuja baada ya siku nne. Wa pili alikuja na dada yake. Ndani ya miezi miwili walifika sita, kila mmoja na sauti ya chini, kila mmoja akiomba kile kitu ulichompa mwalimu. Watoto wote sita Sista aliwakumbuka, na wote aliwachora. Lakini nusu saa ikawa saa, saa ikawa mbili. Kuchora kwa ajili yake mwenyewe kulikuwa kuangalia tu. Sasa kulikuwa na mtu anayesubiri, na penseli ilipokosea, ilimkosea mtu. Daftari la vyombo lilijifia pembeni.

"Nikwambie kitu?" mumewe akasema jioni moja wakila. "Ulianza mambo haya ili upumue."

"Ndiyo."

"Sasa naona umeileta wodi nyumbani, umeifungia stoo kwangu."

"Niwaambie nini? Sitaki?"

"Mwambie mmoja. Wengine watasikia."

Alijua mumewe amesema kweli, na alijua hataweza.

Wa saba alikuwa mshonaji wa nguo za shule, mwanamke mnene, mchangamfu hata katika msiba wake, mwenye alama za sindano kwenye ncha za vidole. Yeye na mwalimu walikutana katika kliniki ya akina mama waliojifungua, wakawa marafiki wa kushibana. Mtoto wake, wa kiume, wa kitanda namba tisa, aliishi siku mbili.

"Mimi sikumwona, Sista," akasema. Walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya wodi. "Nilikuwa ghorofani, nimepasuliwa, sijitambui. Nilipopata fahamu wakaniletea amefungwa. Baba yake akasema nisifunue, nitaumia zaidi. Nikamsikiliza." Akatabasamu tabasamu la kuomba radhi. "Sasa baba yake anamjua, mama mkwe anamjua, mimi simjui."

Akatoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi nzito nyeupe aliyoikunja kama mkeka. Alikuwa ameenda dukani kuinunua mwenyewe, asije akaambiwa karatasi hakuna.

Siku mbili zile za mtoto wa kitanda namba tisa, Sista alikuwa mapumzikoni. Hakuwahi kumtia machoni. Maneno ya kusema hivyo yalikuwa tayari ulimini mwake, mepesi, maneno matatu tu: mimi sikuwepo zamu. Aliyatafuta, akayakuta, akayameza.

"Njoo wiki ijayo," akasema.

Alimuuliza muuguzi aliyekuwa zamu, kijana mrefu mwenye haraka, kama anamkumbuka mtoto wa namba tisa alikuwaje.

"Alikuwa njiti," akajibiwa. "Mdogo, mwekundu. Wote si wako hivyo, Sista?"

Alasiri tatu mfululizo alikaa mbele ya ile karatasi nzito bila kuweka hata alama. Alijaribu kuipata sura ya mtoto katika sura ya mama: taya lile pana, nyusi zile zilizokaribiana. Siku ya nne, kesho yake ndiyo ahadi, aliweka penseli juu ya karatasi na kuuacha mkono uende, kama alivyouacha mara ya kwanza. Na mkono ukaenda kwa urahisi wa ajabu. Haukutetemeka hata kidogo. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora. Alipoimaliza, kitu fulani kilimgonga moyoni, lakini aliikunja haraka bila kuitazama mara mbili, akaitia kwenye mfuko.

Mshonaji aliipokea kwa mikono yote miwili.

"Ndiye," akasema. Akaibusu karatasi. "Ndiye huyu, baba wee. Ndiye."

Sista alisema ahsante badala ya kuambiwa ahsante, akaingia ndani, akaenda kuosha mikono kwa muda mrefu.

Mwezi mmoja ulipita. Ilikuwa adhuhuri ya siku ya kawaida, yuko katikati ya kuandika kwenye mafaili, akaambiwa ana wageni. Aliwakuta wamesimama kwenye korido, mwalimu na mshonaji, wamesimama mbali kidogo kwa watu waliokuja pamoja. Mwalimu alishika bahasha. Mshonaji alibeba picha yake ikiwa kwenye fremu ya mbao yenye kioo.

"Alinikaribisha kwake jana," mwalimu akasema, bila salamu. "Nimekaa kwenye kochi, nikainua macho ukutani. Nikamwona mwanangu."

Akaitoa karatasi yake, akaishika kando ya fremu. Sista hakuhitaji kusogea karibu. Paji la uso lilikuwa moja. Kope zilikuwa zile zile. Pua bapa juu, nchani imebinuka, katika picha zote mbili.

"Nimemwambia watoto wachanga hufanana," mshonaji akasema. "Si hufanana, Sista? Njiti hasa. Mwambie."

Watu walipita na trei na vikapu vya nguo, wakiwaomba nafasi.

"Huyu ni wa nani kati yetu?" mwalimu akauliza.

"Ni wako."

"Na wake yuko wapi?"

"Sikumwona wake. Mimi sikuwepo zamu." Sasa maneno yale matatu yalitoka, yakiwa yamechelewa mwezi mzima. "Nilishindwa kumwambia. Nilidhani nachora wake, mkono ukachora wako. Wallahi sikukusudia."

Mshonaji aliigeuza fremu, akaibana kifuani, kioo upande wake.

"Irudishe," mwalimu akamwambia.

"Sirudishi."

"Ni mwanangu huyo."

"Wewe una wako hapo mkononi. Mimi sina mwingine." Hakupandisha sauti. "Nimeshamwonyesha baba yake. Nimeshamwonyesha mama mkwe, kasema ana paji la uso la babu yao. Mnataka nikaseme nini nyumbani?"

Mwalimu alimgeukia Sista. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo Sista alilolikumbuka kwa muda mrefu baadaye. Ulikuwa uso wa mtu anayejaribu kusoma kitu gizani.

"Na huyu wangu?" akauliza. "Huyu wangu ulimwona kweli?"

"Nilimwona. Mimi ndiye niliyembandua plasta. Nilimchora siku ile ile."

"Ndivyo unavyosema."

"Naapa, mwalimu."

"Na yeye ungemwapia, kama angekuuliza." Akaikunja karatasi, ikakunjika vibaya, akaikunja tena. "Nilikuwa na sura moja tu kichwani, Sista. Hii hapa. Sasa nikiitazama sijui kama ni ya binti yangu au ya mkono wako."

Akaondoka. Mshonaji akaondoka kwa mlango mwingine.

Aliyepeleka habari ofisini hakujulikana, na haikuwa na haja ya kujulikana, korido ile ilikuwa na masikio ya kutosha. Kesho yake Matroni alimwita. Matroni alikuwa mwanamke wa karibu na kustaafu, mkali kwenye karatasi na mchache wa maneno, aliyeanza kazi katika wodi hiyo hiyo. Alitaka madaftari yote. Sista aliyaleta manne ndani ya mfuko wa kitambaa, akayaweka mezani.

Matroni aliyapekua ukurasa kwa ukurasa, miwani ikiwa nchani mwa pua. Mahali fulani alisimama.

"Huyu ni yule wa Jumapili? Aliyezaliwa kwenye ngazi?"

"Ndiye."

Matroni alimtazama mtoto yule muda mrefu. Kisha akafunga daftari, akayapanga yote manne, moja juu ya jingine, akayaingiza kwenye kabati la chuma na kugeuza ufunguo.

"Siri ya mgonjwa haina penseli wala kamera," akasema. "Ningekuwa mtu wa kusema mengi ningesema. Barua utaipata. Wodini hutarudi kwa sasa. Utakwenda chumba cha kuchemshia vyombo."

"Nitayapata tena?"

"Hapana."

Chumba cha kuchemshia vyombo kilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba cha mvuke na vishindo vya chuma, chenye dirisha dogo la kupokelea vyombo vichafu na jingine la kutolea visafi. Sista alihesabu mikasi, akakunja vitambaa, akabandika tepu zenye tarehe. Hakuna aliyekufa mle ndani. Wenzake walimwonea huruma, wakamwambia angalau amepumzika. Mikono ilirudi kutetemeka wiki ya pili, safari hii mpaka kidevu.

Kwa miezi mitatu hakuingia stoo. Mumewe hakumgusia. Meza aliiacha pale pale, hakuweka mota juu yake, ingawa alihitaji nafasi. Wifi alipokuja akaanza kusema, "Si urudie tu kuchora vijiko vyako, wifi," mumewe alimkatiza kwa kumuuliza habari za saluni.

Kilichomrudisha hakikuwa ushujaa. Alasiri moja alimwaga chai mezani mara mbili, na mara ya pili alikaa akiitazama inavyotiririka kuelekea ukingoni, akajua kwamba ataendelea hivi mpaka atakapomwaga kitu kibaya zaidi ya chai. Akaenda dukani. Alipokuwa analipia daftari, mwenye duka alimuuliza kama ni la mtoto wa shule, akasema ndiyo.

Sasa sharti lilikuwa moja tu: asichore kisichokuwa mbele ya macho yake. Wala mtu, wala kumbukumbu. Alichora nguo zilizoanikwa kwa jirani. Alichora mikasi. Ulikuwa uchoraji mkavu, nusu saa kamili, na akimaliza ukurasa aliuchana, akauweka kwenye jiko la mkaa, asije mtu akauona na kuutaka. Utulivu aliokuwa akiupata zamani hakuupata tena wote. Alipata kidogo, kama kufungua kifungo kimoja cha nguo inayobana. Mikono ilitulia kiasi cha kushika kikombe. Mshipa hakujaribu tena, na hakuna aliyemwomba ajaribu.

Sista alimwona mwalimu mara moja, sokoni, akichagua nyanya. Macho yao yalikutana. Sista alitamka salamu. Mwalimu aliirudisha nyanya mahali pake kwa uangalifu, akahamia meza nyingine.

Mshonaji ndiye asiyemkimbia. Alianza kuja hospitalini kila mwezi kwa ajili ya shinikizo la damu, na akitoka kliniki alishuka ngazi mpaka kwenye dirisha la kutolea vyombo, akainama kuchungulia ndani ya mvuke.

"Sista, upo?"

"Nipo."

"Nimepita kukusalimia tu. Nyumbani hatujambo. Yule wetu tumemhamishia chumbani, sebuleni jua lilikuwa linamfifisha." Aliegemea ukingo wa dirisha. Alikuwa na macho ya mtu anayejua anachokijua na ameamua. "Mama mkwe anasema kila siku anazidi kufanana na baba yake."

Sista alikuwa ameshika trei ya vyombo vya moto kwa kitambaa. Aliiweka chini kwanza, maana mikono ilikuwa imeanza.

"Wasalimie wote," akasema.

"Zimefika," mshonaji akajibu, akanyooka, akapanda ngazi.